Mjadala: Afrika Magharibi iongeze wakaguzi wa mimea mipakani, au fedha hizo ziende shambani?

Kipando (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Kila mdudu mpya anapozuka Afrika Magharibi wito huwa ule ule: ukaguzi wa mimea mipakani uimarishwe. Wafadhili wanaupenda mradi wa aina hiyo, maana kuna jengo la kuzindua na utepe wa kukata. Ninachouliza ni hiki: fedha hizo zikimwagwa kwenye vituo vya mpakani vya Seme, Aflao, Paga na Malanville, zitazuia nini hasa?

Barabara ya Abidjan hadi Lagos ina kama kilomita 1,000 na inapita nchi tano. Anayesafirisha nyanya, vitunguu, kunde au viazi vikuu huko anakutana na forodha, uhamiaji, polisi na watu wa afya ya mimea, na katikati vizuizi vingine vya kila namna. Kwenye makaratasi mambo yamepangwa. ECOWAS, jumuiya ya kiuchumi ya Afrika Magharibi, ilipitisha kanuni ya pamoja ya afya ya mimea, afya ya wanyama na usalama wa chakula mwaka 2010, na UEMOA, umoja wa nchi za faranga ya CFA, ulikuwa na ya kwake tangu 2007. Barabarani, cheti cha afya ya mimea ni karatasi moja tu kati ya zile unazoulizwa kabla hujatoa chai.

Sasa tuwaangalie wadudu wenyewe. Viwavijeshi vamizi vilitambuliwa mwaka 2016 Nigeria, Benin, Togo na São Tomé. Mwaka uliofuata Kenya na Tanzania tulikuwa tunalia navyo. Nondo wake anaweza kuruka kilomita 100 kwa usiku mmoja. Mkaguzi wa Malanville angemfanya nini? Kantangaze alipovamia nyanya za kaskazini mwa Nigeria, jimbo la Kaduna lilitangaza hali ya dharura Mei 2016, na kiwanda cha nyanya cha Dangote karibu na Kano kikasimama kwa kukosa malighafi. Niger walikuwa naye tayari.

Mkataba wa kimataifa wa ulinzi wa mimea unasema kisumbufu cha karantini ni kile ambacho hakijafika nchini, au kimefika lakini hakijaenea na kinadhibitiwa rasmi. Kumshusha mama na matenga yake ya nyanya umtafutie mdudu ambaye amekwisha kuenea pande zote mbili ni kumsumbua bure. Msimamo wangu: wakaguzi wachache waliopo wakabane vipando, yaani pingili za mihogo, machipukizi ya migomba, miche ya miembe na ya kakao, mbegu. Fedha inayobaki iwalipe watu wa kutembea mashambani kuusaka ugonjwa ungali mchanga. Karibuni mnibishie.

Bint Tanga

Kwenye mihogo niko na wewe. Michirizi ya kahawia sisi watu wa pwani tunaijua toka enzi za bibi zetu. Watafiti wa kituo cha Amani, kule Usambara, waliuandika ugonjwa huu miaka ya 1930. Unakuta majani yana afya, unachimba, unakata muhogo, ndani umeoza. Kwa miaka mingi ulikaa huku pwani, halafu kuanzia 2004 ukaonekana Uganda, ukaendelea Rwanda, Burundi na mashariki mwa Congo. Nzi weupe wanausambaza mwendo mfupi. Safari ndefu unasafiri ndani ya pingili alizopewa mtu na shemeji yake.

Nigeria ndiyo inayoongoza duniani kwa kulima mihogo. Huu ugonjwa ukitua kule, hiyo nyanya ya Kaduna itaonekana mchezo. Na haupiti kwenye gari, ile chenga ya muhogo iliyokaangwa wanayokula kule, wala kwenye unga, kwa hiyo anayekagua magunia ya unga wa muhogo anapoteza muda wake. Nasikia kuna mtandao wa watafiti unaitwa WAVE, makao yake Bingerville, Côte d'Ivoire, wanaopita mashambani nchi kadhaa kuangalia kama umefika. Hao ndio wa kupewa magari.

Mkaguzi Mstaafu

Nimekula mshahara wa kazi hii miaka mingi, upande wetu wa Afrika, na nimesikia hoja ya Kipando kwenye kila semina. Ina ukweli nusu.

Nusu ya pili ni hii. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya uliifungia Ghana mazao matano ya mboga: pilipili, jamii ya bilinganya, mumunye, dodoki na karela. Kila ndege ilikuwa inatua na wadudu. Zuio lilidumu hadi mwisho wa 2017. Lilivyoondoka? Ghana ilikaza ukaguzi tangu shambani, kwenye banda la kufungashia, hadi uwanja wa ndege. Mzigo mchafu ukawa haupandi. Huo ni ukaguzi, ndugu zangu, ule ule mnaouita wa kukatia utepe. Na tangu Septemba 2019 embe linalokwenda Ulaya lina masharti mapya kwa sababu ya nzi wa matunda, kwa hiyo wakulima wa Mali, Burkina Faso, Côte d'Ivoire na Senegal hawana njia ya kumkwepa mkaguzi hata wakitaka.

Huyo nzi, tukumbushane, sisi Afrika Mashariki ndio tuliompokea. Alionekana Kenya mwaka 2003 na katika miaka michache alikuwa amefika Senegal. Kwao ni Asia, na Bahari ya Hindi hakuivuka kwa mabawa yake. Kuna tunda lilishushwa mahali, na kuna mtu alilipitisha.

Wakala wa Tunduma

Mimi shughuli zangu ni mpakani, natoa mizigo. Kipando anasema chakula kisikaguliwe, vipando tu. Haya, dumuzi alikujaje? Wazee wa Tabora wanaokumbuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 waseme. Mdudu wa Amerika ya Kati, kaja na mahindi makavu ya kula. Watu walimwita Skania kwa jinsi alivyokuwa anasaga ghala. Mwaka 1984 akaonekana Togo, akaingia Benin na Ghana. Hakuja na mche wala pingili.

Lakini pia nimjibu mzee Mstaafu, kwa heshima. Uwanja wa ndege una mlango mmoja. Mpaka wa nchi kavu una milango mingapi? Nigeria ilifunga mipaka yake Agosti 2019, ikafungua Desemba 2020, kisa mchele wa magendo. Jeshi lilikuwepo, forodha walikuwepo. Mchele uliendelea kupita njia za panya. Kama bunduki haikuzuia gunia la mchele, lenzi ya mkaguzi itazuia yai la nondo?

Na ukikaza geti kuu unayemsukuma porini ni yule mnyonge. Mwenye semi treila ana wakala kama mimi. Mama wa matenga matatu hana, na akipita porini hata takwimu zake hamzipati.

Kipando

Wakala, dumuzi namwongeza kwenye orodha yangu, na nafaka kavu kutoka bara jingine ikaguliwe meli ikiwa bado bandarini, Tema, Cotonou au Lagos, kabla haijagawanywa kwenye malori. Hapo ndipo mlango ni mmoja. Ila gunia la mahindi la kutoka kaskazini mwa Benin kwenda kaskazini mwa Togo mwaka huu, dumuzi yuko kote kote, unalikagua ili iweje?

Mzee Mstaafu, mfano wako wa Ghana naupenda kwa sababu ulianzia shambani. Ila huo ulikuwa ukaguzi wa kumlinda mlaji wa London. Nani alikuwa anamkagulia mlaji wa Kumasi? Chukua maharage makavu ya Nigeria, yalifungiwa Ulaya mwaka 2015 kwa mabaki ya diklorivosi. Wafanyabiashara walikuwa wanapambana na fukusi kwa kuyamwagia sumu ghalani. Gazeti zote ziliandika hasara ya mauzo ya nje, wakati maharage yale yale yanaliwa Lagos kila siku. Dawa yake inajulikana na ni rahisi: mifuko isiyopitisha hewa, kama hii ya PICS tunayouziwa na sisi, ambayo wakulima wa kunde wa Niger waliizoea zamani. Fukusi anakufa kwa kukosa pumzi bila tone la sumu. Mfuko huo haumhitaji mkaguzi wa mpakani. Unahitaji duka la pembejeo lililo karibu.

Mwanafunzi Kumasi

Nasoma huku Ghana, kwa hiyo niongeze lisilosemwa: hofu.

Ugonjwa wa kakao wa kuvimba machipukizi uligunduliwa hapa mwaka 1936. Unasambazwa na vidung'ata, na mti ukiugua hauna tiba, unakatwa. Serikali ya kikoloni ilianza kukata kwa nguvu. Wakulima waliona mti ambao bado unazaa unaangushwa mbele ya macho yao. Hasira ile ilikuwa moja ya manung'uniko yaliyotajwa na tume ya Watson iliyochunguza ghasia za 1948. Kwa jumla miaka yote hiyo imekatwa zaidi ya miti milioni 200, na ugonjwa bado upo, tena mbaya sana upande wa magharibi unaopakana na Côte d'Ivoire.

Sasa mkulima mwenye historia hiyo, unamwambia "ukiona ugonjwa toa taarifa". Atoe aje kukatiwa? Ndiyo maana mpango wa Cocobod, bodi ya kakao ya Ghana, uliopata mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unakata, unapanda upya na kumlipa mkulima fidia. Bado wapo wanaoona heri kuwauzia shamba wachimba dhahabu.

Na serikali nazo zina hofu hiyo hiyo. Nchi ikitangaza mdudu mpya leo, jirani anafunga mpaka kesho. Matokeo yake watu wanakaa kimya msimu mzima. Mimi ningeshughulika na hilo kwanza kabla ya jengo na kabla ya magari ya Bint Tanga.

Nafaka Eldoret

Hiyo ya jirani kufunga mpaka tunaijua. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, malori yakakwama Namanga, siku chache baadaye zuio likaondolewa na masharti mapya yakawekwa. Sumukuvu ni hatari ya kweli, watu wameshakufa Kenya kwa sababu yake. Lakini namna ile ya kuamka asubuhi na barua iliwafanya watu waone ni siasa tu za biashara. Afrika Magharibi sasa wana kishawishi kikubwa zaidi, kwa sababu Mali, Burkina Faso na Niger zimetoka ECOWAS rasmi Januari 29, 2025. Vitunguu, kunde, nyanya na maembe mengi yanatoka huko. Siku mawaziri wakinuniana, "afya ya mimea" itakuwa kisingizio kizuri sana cha kufunga barabara.

Mkaguzi Mstaafu

Nafaka, hizo nchi tatu hazijatoka UEMOA. Kanuni ya 2007 bado inazibana pamoja na Benin, Togo, Senegal na Côte d'Ivoire. Kubwa zilizo nje ya uzi huo ni Ghana na Nigeria, na hizo ndizo zenye masoko. Kwa hiyo mapatano yanayohitajika ni machache kuliko mnavyodhani.

Na kwa wale wanaosema mpaka hauna faida, nimalizie na kidung'ata wa mihogo. Alifika Congo mwanzoni mwa miaka ya 1970, akaenea nchi baada ya nchi, mpaka bila mpaka. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki iliyoko Nigeria, na washirika wao walikwenda kumtafuta adui wake kwao Amerika ya Kusini, wakampata nyigu mdogo Paraguay. Kabla ya kumwachia Nigeria mwaka 1981 walimpitisha karantini Uingereza, ahakikiwe hana vimelea vyake mwenyewe. Hans Herren aliyeongoza kazi ile alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Nyigu yule aliwavuka wakaguzi wote baadaye bila cheti, sikatai. Lakini bila ile karantini ya mwanzo hakuna ambaye angethubutu kumwachia.

Kipando, swali moja nijibu. Pingili za mihogo hazipiti Seme. Zinafungwa kwenye baiskeli, zinavuka kijiji hadi kijiji ambapo ndugu wako pande zote mbili. Huyo mkaguzi wako wa vipando utamsimamisha wapi?

Kipando

Nisingemsimamisha mpakani kabisa, mzee wangu. Ningemweka kwenye mashamba ya mbegu. Pingili safi zikipatikana kila wilaya kwa bei ya kawaida, nani atapanda baiskeli kuzifuata ng'ambo?

Bint Tanga

Atapanda, kaka. Mkulima hafuati pingili safi, anafuata aina inayozaa na inayopikika. Muhogo wa Kiroba huku kwetu tuligawiana mkono kwa mkono, hakuna aliyeuliza ina cheti. Ukitaka aache kuvuka, hiyo aina anayoifuata ng'ambo ndiyo uisafishe na umletee, si ile ambayo kituo cha utafiti kimeamua anaitaka.