Damu ya kitovu Bukavu: je, sahihi moja inatosha?

Swali: watafiti wa seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine) wanaomba damu inayobaki kwenye kitovu baada ya kuzaa. Mama atie sahihi mara moja kwa "utafiti wowote ujao"?

Mkunga, Kadutu: Hapana. Tena kosa huanza kabla ya karatasi. Njia ikishafunguka sentimita 7, mama atakubali lolote. Aombwe kwenye CPN (kliniki ya wajawazito), kwa Kiswahili au Mashi, kisha aeleze mwenyewe: wanachukua nini, inaenda wapi, akikataa inakuwaje. Akishindwa, dole gumba halina maana. Na kitovu kisikatwe haraka ili mfuko wa mtafiti ujae. Damu inayopita katika dakika 1 hadi 3 za kusubiri ni ya mtoto. Mtafiti achukue masalio.

Laborantini (fundi wa maabara), Ibanda: CPN sawa, yaya. Ila kumwomba upya kwa kila utafiti haiwezekani. Seli zikiwa kwenye nitrojeni ya majimaji, nyuzi −196, zinakaa miaka mingi. Mama amehamia Goma, namba imebadilika. Atie sahihi moja pana, komite ya etiki (maadili ya utafiti) ichunguze kila ombi jipya.

Mwanasheria, Nguba: Pana mpaka wapi? Seli za Henrietta Lacks, mgonjwa Mmarekani, zilichukuliwa Baltimore mwaka 1951 bila kumuuliza, zikaja kuuzwa. Wekeni visanduku vya ndiyo au hapana: kuzalisha seli zisizokufa, kusoma jeni, biashara, kutengeneza mayai au mbegu za uzazi, kutoka nje ya nchi (kuvuka tu mto Ruzizi kwenda Rwanda ni nje). Na aambiwe wazi: anaweza kujitoa, lakini jina likishafutwa kabisa au seli zikishasambazwa, hazirudi. Sahihi ya mume msiidai. Sheria ya Kongo ya 2016 iliyorekebisha Code de la famille (sheria ya familia) iliondoa ulazima wa ruhusa ya mume.

Mkunga, Kadutu: Ongezeni majibu ya vipimo. Damu ya mama itapimwa VIH (virusi vya UKIMWI), hepatiti B na C, kaswende. Nani atampa majibu, na dawa ataipata wapi? Halafu ile ahadi ya "mradi utalipa fakture (bili) ya maternite": kwa mama asiyeweza kutoka bila kulipa, huko ni kumnunua.

Laborantini, Ibanda: Fakture naiondoa. Kisanduku cha nje ndicho kinanibana. Tanki la nitrojeni halitaki umeme, linataka kujazwa. Likisahauliwa, kila kilichomo kinakufa. Bila nitrojeni ya uhakika hapa, akikataa isisafirishwe, damu tunaitupa.

Mwanasheria, Nguba: Basi iandikwe hivyo kwenye karatasi: ukikataa, itatupwa. Achague.