Tupeane uzoefu: picha yako moja ya Iskandaria na kisa chake

Wakuu, humu najua wamo waliosoma Misri na waliopita kule na meli. Tulete picha moja moja za Iskandaria, ila sharti useme ilitokea nini ulipoipiga. Za kusimama mbele ya jengo na kutabasamu tumezichoka.

Naanza. Januari 2018, ngome ya Qaitbay. Sultani huyo aliijenga miaka ya 1470 palepale uliposimama mnara wa taa wa kale, ambao matetemeko yalikwisha uangusha. Nilitaka bahari itokee nyuma yangu. Mvuvi mmoja aliyekaa na ufito wake juu ya matofali ya zege akawa ananipungia mkono. Nikajua salamu hiyo, nami nikampungia. Kumbe ananiambia nisogee! Wimbi likanipiga mgongoni. Kwenye picha mkono uko juu, mdomo wazi, nyuma ukuta wa maji meupe. Baridi ya Januari kule usiifananishe na ya Dar. Nilitetemeka hadi stesheni.

Binti wa Tanga
Yangu ya Julai, ufukwe wa Stanley. Mtu wa pwani mimi, nikajua naenda kuona mchanga. Mchanga uko wapi! Miavuli imebanana, kiti cha plastiki unakodi, nusu ya Kairo imehamia pale kukimbia joto. Kilichonifurahisha, wanawake wengi wanaoga na magauni na mitandio yao, kama kwetu tu. Akapita kijana anauza freska: biskuti mbili nyembamba kama karatasi, katikati asali, zimepangwa ndani ya sanduku la kioo analobeba begani. Nikapiga picha sanduku. Nilipoitazama usiku, kwenye kile kioo mmeingia bahari, daraja, miavuli, na mimi mwenyewe natafuna.

Mzee wa Tramu
Sina picha, chaji iliisha. Makaburi ya Kom el Shoqafa, unashuka ngazi za kuzunguka kama gamba la konokono. Chini kule Anubis, mungu wa Wamisri mwenye kichwa cha bweha, kachongwa amevaa gwanda la askari wa Kirumi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1900 punda alitumbukia ndipo pakajulikana. Namuonea huruma punda.

Mwanafunzi wa zamani
Maktaba mpya, ile ya 2002. Ukuta wake wa nje ni wa mawe ya Aswan, umechongwa herufi za maandishi ya dunia nzima. Tulikuwa sita, tukaanza kutafuta Kiswahili. Mmoja akasema hatuna herufi zetu. Mwenzetu wa Lamu akawaka: babu zetu waliandika tenzi kwa herufi za Kiarabu, sisi tunaandika kwa za Kirumi, kwa hiyo tuna mbili! Kwenye picha hakuna hata mmoja anayetazama kamera.

Binti wa Tanga
Mleta mada, viatu vilikauka?

Mleta mada
Vilikauka Kairo. Chumvi bado ipo.