King'ora cha tsunami: mbona ndani ya nyumba hakisikiki?

Mlimani_Kwetu: Wakuu, naomba kueleweshwa. King'ora kiko ufukweni, mimi nakaa kilimani nyuma yake. Siku ya majaribio nikiwa ndani, madirisha yamefungwa, sikisikii kabisa. Si kazi yake kutuamsha usiku? Kwa nini wasikipandishe huku juu sauti ikasambaa?

Fundi_Nguzo: Mkuu, hicho ni cha walio nje: waogeleaji, wavuvi, watoto mchangani. Aliye ndani ategemee simu, redio na jirani (mimi huzima simu nikilala, usiniige). Kazi yangu ni kupanda nguzo za ving'ora kuvitengeneza. Adui wa kwanza ni chumvi. Inakula maungio ya nyaya mpaka unakuta unga wa kijani. Halafu upepo, na kelele za mawimbi yenyewe. Tena umbali ukizidi mara mbili, sauti hushuka takriban desibeli 6, na hapo ni mahali peupe. Ghorofa likikaa katikati, nyuma yake sauti hufifia sana. Ndiyo maana tunapanga kadhaa pwani nzima, sauti ziingiliane, kimoja kikifa cha jirani kifunike. Na kila kimoja kiwe na betri, maana tetemeko huweza kukata umeme. Wewe uko wanakokimbilia wenzako.

Bi_Mkubwa: Kusikia si kuondoka. Mji wa Hilo, Hawaii, Mei 1960: ving'ora vililia saa mbili na nusu usiku, wimbi kubwa kutoka Chile likapiga saa saba usiku na dakika chache. Muda ulikuwepo. Wapo waliobaki nyumbani, wapo walioteremka kutazama. Walikufa 61.

Fundi_Nguzo: Shida ni kwamba mlio hautaji hatari. Moto wa Lahaina, mji mwingine wa Hawaii, Agosti 2023, ving'ora havikupigwa kabisa. Mkuu wa dharura wa huko alisema watu wangedhani ni tsunami wakakimbilia mlimani, kwenye moto. Jimbo la Washington, majaribio ya kila mwezi hupiga muziki wa kengele, mlio wenyewe hawauzoeshi masikio. Hilo nalikubali sana.

Mlimani_Kwetu: Na tetemeko likinikuta ufukweni, nisubiri kilie?

Fundi_Nguzo: Thubutu! Chanzo kikiwa karibu, wimbi huweza kufika kwa dakika chache, pengine hakuna aliyekiwasha bado. Ardhi ikitikisika kwa muda mrefu, au bahari ikikauka ghafla, panda kwa miguu, gari liache. Na usishuke eti wimbi limeshapita. Huja mengi, kwa saa kadhaa, na la kwanza mara nyingi silo kubwa.