Rege ya Injili kwa kwaya ya vijana: ya asili, raga, au tenzi zilizotiwa mdundo?

Mwalimu wa Uyole
Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu. Ninafundisha kwaya ya vijana hapa Uyole, Mbeya. Tumechanga fedha zinazotosha kurekodi nyimbo mbili tu, na vijana wameomba ziwe za rege. Mbele yetu kuna njia tatu: rege ya asili yenye mwendo wa taratibu, kama wanavyopiga Christafari, kundi la Marekani lililoanzishwa na Mark Mohr, ambaye aliwahi kufuata Urasta kabla ya kuokoka; raga ya maneno ya haraka, kama ya Papa San wa Jamaika; au kuchukua tenzi ambazo waumini wanazijua na kuzitia mdundo wa rege. Ninaomba ushauri wa watu waliowahi kujaribu, kwa sababu studio hairudishi fedha.

Besi ya Kihesa
Kamwene, Mwalimu. Nimepiga gitaa la besi kanisani hapa Iringa kwa miaka kadhaa, na bila kusita ninakushauri uchague rege ya asili. Katika mdundo wake mkuu, pigo la kwanza huachwa wazi, kisha ngoma kubwa na ile ndogo hulia pamoja kwenye pigo la tatu, huku gitaa la pili likikata kwa ufupi katikati ya mapigo. Nafasi hiyo iliyoachwa wazi ndiyo inayolipatia neno mahali pa kusikika. Kiswahili nacho huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ukipanga "Mwokozi" ili "ko" iangukie pigo la tatu, ngoma na neno hutamka kitu kimoja, na hata bibi aliyeketi benchi la nyuma hupokea ujumbe. Jambo moja tu ninakusihi: msikubali besi ya kinanda. Katika rege, besi ndiyo inayobeba wimbo, na ikiwa nyembamba hakuna sauti ya kwaya itakayouokoa.

Kijana wa Mwanjelwa
Ndugu wa Kihesa ameeleza vizuri, lakini nyimbo hizi zinakusudiwa kuwafikia akina nani? Mimi ninauza viatu sokoni Mwanjelwa, na vijana ninaokaa nao wanasikiliza raga. Papa San na Lieutenant Stitchie walikuwa tayari na majina makubwa katika raga ya Jamaika kabla ya kumgeukia Kristo mwishoni mwa miaka ya 1990, na hawakuitupa sauti yao. Waliipeleka kwa watu wale wale waliowajua. Huo ni uinjilisti wa kweli.

Besi ya Kihesa
Ninakubaliana nawe kuhusu walengwa. Hata hivyo, raga ni sanaa ya mtu mmoja mwenye ulimi mwepesi. Kwaya nzima ikitamka maneno ya haraka kwa pamoja, silabi hugongana na hakuna linaloeleweka. Mpeni kijana mmoja ubeti mmoja wa raga katikati ya wimbo, na wengine waitikie.

Binti Rungwe
Nimelelewa katika Kanisa la Moravian, na tenzi ninazipenda kuliko muziki wowote. Hata hivyo, Mwalimu, hesabu mapigo kabla ya kuchagua. Tenzi nyingi huenda kwa mapigo matatu, ilhali rege huenda kwa manne, na ukilazimisha utalazimika kuvuta baadhi ya silabi hadi utenzi upoteze umbo lake. Tulifanya kosa hilo, na wazee wa usharika wetu wakaukataa wimbo. Niliumia sana, ingawa leo ninaona walikuwa na haki.

Mzee wa Zaburi, Njombe
Wanangu, mdundo haunisumbui. Ninachokiogopa ni maneno ya Kirasta kuingia bila kupimwa. The Melodians, kundi la rege la Jamaika, walipoimba Zaburi ya 137 mwaka 1970, mahali pa "Bwana" waliweka "King Alpha", jina ambalo Marasta humpa Haile Selassie, mfalme wa zamani wa Ethiopia wanayemwona kuwa Mungu. Kijana akitafsiri wimbo ule neno kwa neno, amekwisha kubadilisha imani bila kujua. Neno "Jah" lenyewe, wanalomwitia Mungu, halina ubaya, kwa maana limo katika Zaburi 68:4 ya Biblia ya Kiingereza ya King James, na linasikika mwishoni mwa "Haleluya". Lakini msikilizaji wetu wa leo atalielewa Kirasta, kwa hiyo ninashauri mlitumie jina la Yesu waziwazi.

Mwalimu wa Uyole
Shikamoo, mzee wangu, na asanteni nyote. Tumekaa na vijana jana jioni. Wimbo wa kwanza utakuwa rege ya asili juu ya Zaburi ya 137, maneno yakitoka katika Biblia yenyewe wala si katika wimbo wa mtu mwingine, na ubeti wa tatu tumempa kijana wetu mmoja autamke kwa raga. Wa pili utakuwa utenzi, lakini kwanza tutatafuta wenye mapigo manne. Ndugu wa Kihesa, hatuna gitaa la besi. Je, unaweza kupanda basi Jumamosi ya mwisho wa mwezi ukaja nalo? Nauli na malazi yatakuwa juu yetu.

Besi ya Kihesa
Nitakuja. Nitumie ufunguo wa sauti mtakaoimbia kabla ya Jumatano.