Tairi la nyuma la KLR 650: nibaki na 130 au nipande 140?

Wakuu habari za majukumu. Nipo Mtwara mjini, natumia pikipiki ya Kawasaki KLR 650. Tairi la nyuma limebaki kipara, kashata za katikati zimeisha kabisa. Saizi yake ya kiwandani ni 130/80-17 (upana milimita 130, kimo cha ubavu asilimia 80 ya upana, rimu inchi 17). Nimepata 140/80-17 kwa bei nzuri, muuzaji ananiapia itaingia.

Nimepiga hesabu: 130 mara 0.8 ni milimita 104, na 140 inafika 112. Kwa hiyo gurudumu litapanda milimita 8, kipenyo 16. Hilo halinitishi. Hofu yangu ni cheni. Jana nimechungulia na tochi, kati ya cheni na tairi la sasa kidole kinapita kwa kubana. Tena rimu ni ya inchi 2.5, nahisi 140 itajikunja iwe duara sana.

Safari zangu ni lami hadi Masasi, ila wikiendi naenda Msimbati, na ule mchanga mnaujua (mara ya mwisho nilisukuma kama mkokoteni).

Aliyewahi kufunga 140 kwenye KLR, cheni iligusa? Na mchangani mnashusha upepo kiasi gani bila tyubu kuchanika kwenye pini (pale pa kujazia upepo)?