Mjadala: Kinda wa Kijapani aondoke akitimiza 18, au akomae kwanza J.League (ligi ya Japani)?

MLETA MADA
Wakuu, tuanze na hili. Kikosi cha Japani cha Kombe la Dunia 2022 kilikuwa na wachezaji 26, na 19 kati yao walikuwa wanacheza Ulaya. Kwa hiyo kwenda wataenda tu. Tunachobishania ni lini, na waanzie klabu ya aina gani. Chukueni mfano wa Ryunosuke Sato, kiungo wa FC Tokyo aliyezaliwa Oktoba 2006. Mwaka 2025 alipelekwa Fagiano Okayama kwa mkopo, akapata namba, na Juni mwaka huohuo akaichezea timu ya taifa ya wakubwa akiwa na miaka 18. Msimamo wangu ni kwamba kinda wa namba hiyo ukimshikilia mpaka afike 22, soko limeshampita. Klabu nyingi za Ulaya hununua ili zije kuuza. Mchezaji wa miaka 19 ana misimu mitatu ya kupikwa kabla ya kupigwa bei, wa miaka 23 hana. Pingeni kwa hoja.

NAMBA KUMI
Napinga. Kaoru Mitoma alilelewa na Kawasaki Frontale, wakampa mkataba akiwa na 18 akaukataa, akaenda Chuo Kikuu cha Tsukuba na kuandika tasnifu kuhusu kupiga chenga. Soka la kulipwa alilianza 2020. Brighton wakamnunua 2021 akiwa na 24, na soko halikumpita.
Sasa geuza upande wa pili. Ryo Miyaichi alisajiliwa na Arsenal akitokea sekondari, hajacheza hata mechi moja ya J.League. Kibali cha kazi kikagoma, akapelekwa Feyenoord kwa mkopo, huko akawasha moto kweli. Baadaye Bolton, Wigan, Twente, St. Pauli, na magoti yakamwangusha mara kwa mara. Mwili wa miaka 18 uliozoea mechi za shule haujui mwendo wa ligi za wakubwa.

KARANI WA USAJILI
Mnabishana kuhusu umri, na kinachoamua ni makaratasi.

Kwanza, chini ya 18 sahauni. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA kinazuia uhamisho wa kimataifa wa watoto. Msamaha wa kuanzia miaka 16 ni wa ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi, haumhusu Mjapani. Takefusa Kubo aliingia akademi ya Barcelona 2011, klabu ikaadhibiwa kwa sajili za watoto, naye 2015 akarudi Japani. Real Madrid walimchukua Juni 2019, mwezi uleule aliotimiza 18.

Hapo ndipo shida ya pili ilipoanza. La Liga inaruhusu wachezaji 3 tu wasio wa Umoja wa Ulaya kwa kila timu, na nafasi za Madrid zilikuwa za Vinícius, Rodrygo na Militão. Kubo akazungushwa kwa mkopo: Mallorca, Villarreal, Getafe, kisha Mallorca tena. Alipata nyumba 2022 alipouzwa Real Sociedad. Mbrazili akikaa Hispania miaka 2 anaweza kuomba uraia na kuachia nafasi. Mjapani anatakiwa akae 10, na sheria za kwao haziruhusu mtu mzima kubeba pasi mbili. (Kwa miaka mingi Mtanzania au Mkenya alikuwa na ahueni kuliko yeye hapo: Mkataba wa Cotonou, kati ya Umoja wa Ulaya na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki, ulifanya asihesabiwe kwenye zile nafasi 3.)

Uingereza kibali cha kazi ni pointi 15. Mechi za timu ya taifa ndizo zinazobeba, pamoja na ubora wa ligi unayotoka. Mitoma aliposajiliwa hakuwa na mechi hata moja ya taifa, ndiyo maana alipelekwa Union Saint-Gilloise ya Ubelgiji msimu mzima. Mechi yake ya kwanza ya taifa ilikuwa Novemba 2021 kule Muscat dhidi ya Oman, akatoa pasi ya bao pekee. Tangu 2023 klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza inaweza kupata hadi nafasi 4 za wachezaji wasiofikisha pointi, lakini idadi inategemea dakika inazowapa Waingereza.

Uholanzi hawana ukomo wa idadi, wana ukomo wa mshahara: asiye wa Umoja wa Ulaya mwenye miaka 20 na zaidi lazima alipwe angalau asilimia 150 ya wastani wa ligi. Mwenye 18 au 19, nusu ya hapo. Kwa klabu ndogo, kumchukua akiwa na 19 au 20 ni bajeti mbili tofauti kabisa.

Ujerumani ndiyo laini kuliko zote. Ukomo wa wageni ulifutwa 2006. Klabu inatakiwa iwe na Wajerumani 12 kwenye mikataba.

NAMBA KUMI
Karani, umenisaidia. Kubo alipoteza miaka mitatu kwa sababu ya kukimbilia jina kubwa.

KARANI WA USAJILI
Alikosea klabu, mkuu. Umri haukuwa na kosa. Zion Suzuki, yule golikipa, aliripotiwa kuikataa Manchester United 2023 akaenda Sint-Truiden ya Ubelgiji. Akadaka mechi, na 2024 yuko Parma.

SHABIKI WA GENK
Sint-Truiden ipewe mada yake. Tangu 2017 iko mikononi mwa DMM, kampuni ya Kijapani. Takehiro Tomiyasu alifika pale Januari 2018 akiwa na 19, akitokea Avispa Fukuoka. 2019 Bologna, 2021 Arsenal. Wataru Endo na Daichi Kamada nao walipita hapo. Ubelgiji idadi ya wageni haibani. Kinachobana ni kwamba karatasi ya mechi iwe na angalau 6 waliolelewa na klabu za huko. Kwetu Genk, Junya Ito alikuja Februari 2019 kutoka Kashiwa Reysol, alikomwacha Olunga, akamkuta Samatta anafunga, wakabeba ubingwa pamoja miezi michache baadaye. Alikuwa na 25, kwa hiyo Mleta mada, hesabu yako ya 22 ina tundu.

MLETA MADA
Nakubali tundu. Lakini fedha je? Shinji Kagawa alitoka Cerezo Osaka kwenda Dortmund 2010 kwa euro 350,000 zilizoripotiwa. Makombe mawili ya Bundesliga, kisha Manchester United kwa mamilioni. Klabu ya Japani ilibaki na chenji.

KARANI WA USAJILI
Hiyo ilitokana na mikataba mifupi iliyokuwa ikiisha 31 Januari. Mwezi wa nane mchezaji alikuwa anaruhusiwa kuongea na yeyote, na klabu ilikuwa inauza kwa chochote kabla hajaondoka bure.

Na akiondoka bure si kwamba hamna kitu. Fidia ya mafunzo, yaani malipo kwa klabu iliyomlea, akienda klabu ya kundi la kwanza la UEFA (zile zinazotumia fedha nyingi zaidi kulea vijana), ni euro 90,000 kwa msimu kuanzia miaka 16, na 10,000 kwa misimu ya miaka 12 hadi 15. Aliyelelewa sehemu moja kutoka 12 mpaka amalize 18: 40,000 jumlisha 270,000, yaani 310,000. Linganisha na bei ya Kagawa! Klabu ilimuuza kwa bei inayokaribia fidia tupu.

Mchango wa mshikamano, yaani mgawo wa klabu zilizomlea kila anapouzwa, ni asilimia 5 ya kila ada inayofuata, nusu asilimia kwa kila msimu kati ya 16 na 23. Akiuzwa baadaye kwa milioni 10, klabu iliyomlea misimu mitano ya umri huo inapata 250,000. Bado ni fedha kidogo. Penye fedha ni kipengele cha asilimia ya mauzo yajayo, na hicho unakipata tu kama una miaka miwili ya mkataba mkononi wakati wa kujadiliana.

NAMBA KUMI
Na utamfungaje miaka mitatu wakati ulikuwa unambania? Mkataba wa daraja C, ule wa wanaoanza, ulikuwa na kikomo cha yeni milioni 4.6 kwa mwaka mpaka afikishe dakika 450 za J1, daraja la juu la J.League. Kijana anacheza timu ya taifa ya vijana analipwa hivyo, halafu tunashangaa anakimbia.

KARANI WA USAJILI
Madaraja hayo yamefutwa kuanzia 2026. Kikomo cha mwaka wa kwanza sasa ni yeni milioni 12. Na ligi inahamia kalenda ya Agosti hadi Juni msimu wa 2026-27. Zamani aliyeondoka Januari alikuwa ametoka kumaliza msimu mzima Desemba, anaingia katikati ya msimu mwingine bila mapumziko, na misuli ya paja ndiyo inayolipa.

MLETA MADA
Basi Sato?

KARANI WA USAJILI
Ujerumani au Ubelgiji, ada yenye asilimia ya mauzo. Uholanzi pia, ila kule Oktoba 2026 anatimiza 20.