Deki ya Blu-ray na homu thieta: maongezi hayasikiki, milipuko inaamsha mtaa, spika za nyuma kimya. Msaada wadau

Kuchele_Boy
Wakuu habari za jioni, poleni na joto. Nipo Mtwara mjini, huku Shangani. Nimepata deki ya Blu-ray ya mtumba na risiva yake ya spika tano na sabufa, vyote vinawaka, spika nzima, rimoti zote zipo. Fundi aliyekuja kuniunganishia akasema TV ndo iwe katikati, kwahiyo deki imeingia kwenye TV kwa HDMI, halafu kwenye TV tukachukua ule waya wa mwanga, wa optiko, ukaenda kwenye risiva.

Sasa kasheshe ni kwamba wakiongea kwenye muvi siwasikii, naongeza sauti, hapo hapo inakuja milipuko nyumba inatikisika narukia rimoti, mama watoto ananiangalia tu, na mzee wa nyumba ya pili ameshaniita pembeni kistaarabu. Spika mbili za nyuma ukiweka sikio kabisa hamna kitu. Na diski ni orijino, kava imeandikwa DTS-HD Master Audio 5.1 (yaani sauti ya spika tano na sabufa moja), sio hizi za muvi kumi na mbili ndani ya diski moja (japo na hizo ninazo, siwezi kuficha, na za kutafsiriwa pia).

Kuna jamaa sokoni anauza sabufa kubwa anasema spika zangu ndo ndogo nibadilishe zote. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela, msimu wa korosho bado mbali.

Mla_Pweza
Mkuu mbona umejichosha, chukua sabufa ya inchi nane chomeka flashi maisha yaendelee. Sisi huku Lindi banda lina spika mbili tu na watu wanalipa kila siku wanajaa.

Fundi_Mikindani
@Mla_Pweza banda watu wanalipia mpira kaka, acha utani 😂

@Kuchele_Boy usinunue kitu chochote bado. Spika zako hazina kosa, TV ndo inakula sauti yako njiani. Iko hivi, waya wa optiko unaweza kubeba aina mbili tu za sauti ya muvi, stirio ya kawaida ya njia mbili au 5.1 iliyobanwa kama Dolby Digital na DTS za zamani zile za DVD. DTS-HD Master Audio na Dolby TrueHD hazipiti pale hata ufanyeje, ni nzito. Halafu juu ya hapo TV nyingi zikipokea sauti kutoka HDMI zinaishusha kuwa stirio ndo zinaitoa kwenye optiko, kwahiyo hata ile 5.1 iliyobanwa haikufikii. Unatazama diski ya 5.1 kwa sauti ya 2.0, ndo maana nyuma hamna mtu nyumbani. Na ile spika ya katikati ambayo ndo kazi yake maongezi, nayo haijapewa chake, maneno yamechanganywa kushoto na kulia pamoja na muziki na milipuko yote, lazima yazame.

Angalia nyuma ya risiva yako. Kama ina matundu ya HDMI yaliyoandikwa IN na moja limeandikwa OUT, toa waya wa deki kwenye TV uchomeke IN ya risiva, halafu OUT ya risiva ndo iende kwenye TV. TV ibaki kazi ya picha tu. Kama risiva haina HDMI kabisa ni ya zamani, basi chukua optiko au koaksio (waya mwingine wa sauti ya kidijitali) kutoka KWENYE DEKI moja kwa moja sio kwenye TV. Hapo hautapata ile Master Audio kamili ila ndani ya kila DTS-HD ya Blu-ray kuna DTS ya kawaida imefichwa kama kiini, deki itakutolea hiyo, kilobiti 1,509 kwa sekunde, na DVD ya kawaida Dolby Digital yake inaishia 448, kwahiyo wala sio mbaya.

Halafu kaa usome kidirisha cha mbele cha risiva wakati muvi inacheza. Kikiandika PCM 2.0 au Stereo, yaani njia mbili tu, jua bado hujafika. Kikiandika DTS au Dolby D umepata. Mafundi wetu wengi hawakisomi kile, wakishasikia mlio wanadai hela yao wanaondoka.

Dada_wa_Nachingwea
Naongezea kwa fundi hapo juu. Kubadili waya peke yake kunaweza kusitoshe, ingia kwenye setingi za deki, sehemu ya Audio. Digital Output weka Bitstream, deki isiguse sauti iipeleke ilivyo risiva ndo ifungue. Halafu kuna kitu kinaitwa Secondary Audio au BD Audio Mix, ZIMA. Hicho kipo kwa ajili ya milio ya menyu na maelezo ya waongozaji, sasa kikiwa kimewashwa deki inaichanganya na sauti kuu na matokeo yake inaishusha ile Master Audio kuwa DTS ya kawaida, mtu unashangaa waya umebadili na kidirisha bado kinaandika DTS tu bila HD.

Kingine ambacho watu wanasahau, menyu ya diski yenyewe. Diski nyingine ikianza inachagua sauti ya stirio au lugha nyingine, ya 5.1 ipo ila mpaka uichague mwenyewe. Bonyeza kitufe cha Audio kwenye rimoti ya deki zungusha uone.

Nahodha_Msanga
Dada hapo kwenye Bitstream nakupinga kidogo. Deki ikifungua sauti yenyewe ikaituma kama PCM (sauti iliyokwisha kufunguliwa) ya njia sita kwa HDMI ni kitu kile kile, zile ni sauti zisizopoteza kitu, ifunguliwe kwenye deki ifunguliwe kwenye risiva namba zinazotoka ni zile zile. Watu wanaona taa ya DTS-HD haijawaka wanadhani wameibiwa.

Dada_wa_Nachingwea
Ni kweli Nahodha sibishi, ila sharti risiva yake iwe inapokea PCM ya njia nyingi, na Kuchele hajatuambia ni ya mwaka gani. Na siku akija kununua yenye Atmos au DTS:X, zile sauti zinazotumia na spika za juu, PCM haimpi zile spika za juu, lazima Bitstream. Kwa mtu anayeanza Bitstream ina faida moja kubwa, kidirisha kinakuambia ukweli, ukiona jina la sauti umejua kilichoingia.

Kuchele_Boy
Wakuu Mungu awabariki. Risiva ina HDMI IN tatu na OUT moja, nimehamisha, Secondary nimezima, kidirisha sasa kinaandika DTS-HD MSTR na spika za nyuma zinaongea, kuna mvua kwenye muvi nimegeuka kuangalia dirishani aisee.

Ila maongezi yameongezeka kidogo tu, milipuko bado inatisha usiku. Na sabufa inaunguruma uuuuu muda wote hata muvi ikiwa imesimama, hii haikuwepo mwanzo. Alafu vipi zile za kutafsiriwa, mama watoto ndo anazitaka zaidi kuliko hizi zangu.

Fundi_Mikindani
Sasa ndo tunaingia kwenye kuseti, na hapa usiwe na haraka.

Ingia menyu ya risiva, Speaker Setup. Spika zote ndogo ziweke Small, usione aibu na hilo jina, maana yake besi zisizoziweza zinapelekwa kwa sabufa. Mpaka wa kukata weka 80 Hz, kama ni vile vispika vidogo vya kiganja panda mpaka 120. Ukiziacha Large zinapewa besi ambayo hazina uwezo nayo, zinakwaruza, na maneno yanachafuka humo humo.

Umbali, chukua futi kamba pima kutoka kochi lako mpaka kila spika uingize namba ya kweli. Sauti inakwenda kama mita 343 kwa sekunde, yaani kila mita moja ni karibu milisekunde 3, risiva inachelewesha spika za karibu ili zote zikufikie pamoja. Watu wanaruka hii hatua kwa sababu wanaona ni namba tu.

Kisha Test Tone, ule mlio wa shhhh unaozunguka spika moja moja. Pakua programu ya kupima desibeli kwenye simu, kaa unapokaa siku zote, simu iwe usawa wa sikio, rekebisha kila spika zote zisome sawa, 75 dB ndo kiwango kinachotumika sana. Simu haitakuwa sahihi kwa namba yenyewe ila haijalishi, unatafuta zilingane, na ni simu ile ile moja inayopima zote. Ukimaliza kulinganisha ndo uongeze ya katikati desibeli 2 au 3 juu ya wenzake, hiyo ndo dawa ya maongezi. Na hakikisha imeelekea usoni, wengi wanaisukuma ndani ya shelfu ya TV kule nyuma kabisa, inaongea na mbao. Ivute mpaka ukingoni, iinamishe au iinue ikuelekee.

Usiku kwa ajili ya mzee wa jirani tafuta Dynamic Range, kwenye deki inaitwa DRC, kwenye risiva Night Mode. Inapunguza tofauti kati ya mnong'ono na bomu. Mchana izime, inaua raha ya muvi.

Spika za nyuma zisiwe nyuma kabisa kichogoni, ziweke pembeni yako zikirudi nyuma kidogo, na juu ya kichwa kidogo ukiwa umekaa. Na angalia nyekundu na nyeupe... samahani nyekundu na nyeusi, moja ikigeuzwa besi inapotea na sauti inakuwa haina makao.

Nahodha_Msanga
Na chumba chenyewe jamani. Nyumba zetu hizi sakafu ya vigae, ukuta wa tofali umepigwa plasta, madirisha ya vioo, sauti inadunda kama upo kisimani, hapo hata spika za mamilioni maneno hayatashika. Tandika zulia nene kati ya kochi na TV, pazia zito, kabati la vitabu au nguo ukutani. Ni bei rahisi kuliko spika na utasikia tofauti siku hiyo hiyo. Mvua za masika zikipiga bati hapo hakuna ushauri, ahirisha muvi 😅

Mla_Pweza
Sabufa nayo aiweke wapi? Yangu nimeiweka kona inapiga mpaka vikombe vinatembea.

Nahodha_Msanga
Kona inaongeza besi lakini inakuwa nzito ya kuvuma noti moja tu. Kuna njia inachekesha ila inafanya kazi, beba sabufa iweke PALE kwenye kochi unapokaa, piga muvi yenye besi, halafu wewe tembea kwa magoti kuzunguka kuta ukisikiliza. Pale utakaposikia besi imetulia na imenyooka ndo pa kuiweka. Funga mlango kwanza watoto wasikuone.

Dada_wa_Nachingwea
Kuhusu za kutafsiriwa na zile za muvi nyingi kwenye diski moja, usitegemee 5.1 hata kidogo. Ile sauti ya mtafsiri imerekodiwa juu ya muvi ikatoka stirio, na kubana muvi zote hizo kwenye diski moja sauti ndo inayokatwa kwanza. Hamna deki itakayorudisha kilichotupwa. Ila risiva yako itakuwa na Pro Logic II, bonyeza kitufe cha Surround au Movie mpaka kidirisha kiandike PLII Movie. Inachukua stirio inaitawanya, kitu kilicho sawa kushoto na kulia inakipeleka katikati, kwahiyo mtafsiri atahamia spika ya katikati na makelele mengine yatabaki pembeni. Mama watoto atakupenda.

Na ukitaka kuagiza diski orijino angalia kanda. Blu-ray za Afrika na Ulaya ni kanda B, Marekani na Japani ni A, deki yako kama ni ya Japani diski ya B itaigomea. Na ya Japani ni volti 100, kwetu 230, angalia kibandiko cha nyuma kabla hujaihamisha kwenye tundu jingine.

Kuchele_Boy
Nimechek ni 220-240, nashukuru dada. Center nimeipandisha 3 dB na nimeivuta mbele, leo tumetazama muvi nzima rimoti ipo mezani. Imebaki ule muungurumo tu, Fundi.

Fundi_Mikindani
Huo muungurumo mzito usiokoma mara nyingi ni umeme wa 50 Hz unaingia kupitia mzunguko wa ethi, yaani vifaa vilivyounganishwa vimeshika ardhi kwa njia zaidi ya moja. Umekuja baada ya kubadilisha waya kwa sababu sasa TV na risiva zimeshikana kwa HDMI. Una dishi au antena?

Kuchele_Boy
Dishi lipo, waya unaingia kwenye king'amuzi, king'amuzi kipo kwenye TV.

Fundi_Mikindani
Basi chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi muvi ikiwa inacheza. Muungurumo ukikata umempata mwizi. Hapo chomeka TV, risiva, sabufa na king'amuzi kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli, wakati mwingine inatosha. Ikikataa kuna kifaa kidogo cha kutenganisha ethi kwenye waya wa dishi, ila uliza kwanza kama kinapitisha umeme unaopanda kwenye LNB (kile kichwa cha dishi), la sivyo chaneli zitapotea.

Ukichomoa dishi na bado inaunguruma, shika waya mmoja unaotoka risiva kwenda sabufa uangalie plagi yake. Huku kwetu chumvi ya bahari inaingia kila mahali, shaba inaota kijani, unganisho linakuwa bovu. Sugua kwa kitambaa na spiriti, au badilisha huo waya, na usiupitishe sambamba na waya za umeme.

Na mtu asikwambie ukate ule mguu wa ethi kwenye plagi, nimeona mafundi wanafanya hivyo. Muungurumo unaondoka kweli, ila siku umeme ukivuja bodi ya risiva ndo inayokushika mkono.

Kuchele_Boy
Ni dishi. Nimechomoa kimya kabisa. Ekstensheni naitafuta kesho mjini.